Excel: mstari mzima uwe mwekundu bidhaa zikipungua

Wakuu, nina orodha ya stoo ya duka Kariakoo, A2 hadi D200, idadi iko safu C. Nataka mstari mzima uwe mwekundu idadi ikishuka chini ya 10. Sasa hivi inawaka seli moja tu.

— Mkuu, chagua A2:D200 ukianzia A2. Ingia Conditional Formatting, New Rule, ile ya fomula, andika =$C2<10. Dola ikae mbele ya C tu. Ukiiweka na mbele ya 2, mistari yote itafuata C2.

— Bora =AND($C2<>"",$C2<10). Seli tupu Excel huihesabu sifuri, itawaka bure.

— Imekubali, asanteni. Ila mchele una 4 na haujawaka.

— Imelala kushoto? Basi ni maandishi, na kwa Excel maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote. Bofya seli yenye pembe ya kijani, kisha alama ya mshangao inayotokea pembeni, chagua Convert to Number.