Wahadhiri, akili inatokaje kazini msimu wa kusahihisha?

Mzigo_wa_Muhula:
Wakuu, swali kwa walioko vyuoni. Darasa la mwaka wa kwanza lina watu 400, mtihani umeshafanyika, matokeo yanatakiwa kwenye mfumo baada ya wiki mbili. Mwili unafika nyumbani saa 12 jioni, akili inabaki kwenye vitabu vya majibu hadi usiku wa manane. Mbinu gani zinafanya kazi kweli, ukiacha "pumzika mkuu"?

ChakiNaDasta:
Anza na hesabu. Vitabu 400 kwa dakika 5 kila kimoja ni dakika 2,000, saa 33 na ushee. Kwa siku 14 ni vitabu 29 kwa siku, saa mbili na nusu hivi. Vifunge mafungu ya 29 kwa mpira. Fungu likiisha linarudi kabatini na huchukui jingine.

Sahihisha swali moja kwa fungu zima ndipo uende la pili, ili kipimo kiwe kimoja. Usikatize katikati ya swali. Kesho yake utakuwa mkali au mlegevu kuliko jana, na shaka hiyo ndiyo inayokuja kitandani. Ukibanwa, andika juu ya fungu: "swali la 3, nimeishia kitabu cha 18, hoja ya pili nusu alama". Watafiti wa saikolojia Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika hupunguza kusumbua akili ukishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hujalimaliza.

BiTakwimu:
Na simu je? Namba ya darasa iwe laini tofauti kwenye WhatsApp Business, ujumbe wa kutokuwepo ujitume wenyewe saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi. Grupu waandike wasimamizi tu. Kiongozi wa darasa akusanye maswali, alete mara moja kwa siku. Ukijibu moja tu saa 4 usiku kwa kuwa "ni dogo", umekwisha, wanafunzi huambiana.

Halafu kulala kwenye kochi peke yake hakutoshi. Watafiti Sonnentag na Fritz (2007) walitaja mambo manne yanayorudisha nguvu baada ya kazi: kujitenga kiakili na kazi, kutulia, kujifunza kitu kipya, na kujiamulia muda wako. Wengi wetu tunashika la pili tu. Mazoezi ya kwaya au bao yanaishika akili kuliko runinga.

Mzee_wa_Seneti:
Sawa, lakini vitabu 400 kwa mtu mmoja ni kosa la idara. Peleka hizo saa 33 kwa mkuu wa idara kabla ratiba ya muhula ujao haijapangwa, pamoja na idadi ya tasnifu unazosimamia. Wasaidizi wachukue maswali mafupi, wewe kagua kitabu 1 katika kila 10.

Kama hata darasani akili haipo, slaidi ni zile zile mwaka wa tatu mfululizo, tasnifu inarudi na "sawa, endelea" bila kusomwa, hilo ni tatizo jingine. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, linataja dalili tatu za uchovu sugu wa kazi: kuishiwa nguvu, kujiweka mbali na kazi au kuibeza, na ufanisi kushuka. Hapo omba kozi moja iondolewe. Likizo ya wiki mbili inayokurudisha kwenye mzigo ule ule haisaidii.