Mafundi wa Tabora na Kigoma, acheni kukata masega ya magari ya watu bila kupima

Wakuu,

Uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali. Mods naomba msiuunganishe na zile nyuzi za "gari gani inafaa".

Peleka Mark II, Chaser, Verossa au Crown ya zamani gereji Tabora mjini au Kigoma, useme gari imekuwa nzito, inachelewa kuchanganya na inakula mafuta. Utajibiwa hivi: "Masega yameziba, tutoe." Masega ni kile kisafishio cha moshi (catalytic converter) kilichomo kwenye kopo la bomba la ekzosi. Hakuna anayeshika kipimo. Muda si mrefu grainda inalia chini ya gari. Kopo la masega linakatwa, linagongwa kwa nondo mpaka kauri yote imwagike, linachomelewa tupu na kurudishwa, na mwenye gari anaambiwa gari sasa imefunguka. Baada ya wiki chache taa ya injini inawaka, ulaji umepita ule wa mwanzo na ndani kunanuka moshi. Fundi yuleyule anahamia kwenye plagi, halafu pampu ya mafuta, mwisho anatamka kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa.

Masega hayazibi yenyewe. Ni kauri yenye vitundu vidogo, nyingi za kiwandani vitundu kama 400 kwa inchi ya mraba, na imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Inafanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 400 hadi 800. Plagi moja au koili moja ikifa, petroli isiyoungua inatoka silinda na kwenda kuungulia humo. Joto linapita nyuzi 1,000, na likizidi kupanda kauri inayeyuka na kuwa donge. Injini inayokula oili nayo inayapaka fosforasi na zinki mpaka yanakufa. Gasketi ya silinda hedi ikivuja maji, masega yanaharibika pia. Na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haiungui ipasavyo. Kwa hiyo ukikuta masega yameziba kweli, kuna ugonjwa mbele yake kwenye injini. Ukikata masega ukaacha koili mbovu au ringi zilizochoka, gari itaendelea kumisi na kula oili, sasa kwa kelele zaidi.

Kupima kwenyewe si kazi ya nusu siku. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kwenye bomba la moshi kabla ya masega. Ya kuzungusha ni spana namba 22, na Toyota nyingi za zamani zimeifunga kwa nati mbili za namba 12. Weka geji ndogo ya presha kwenye tundu hilo, washa injini ipate moto. Bila kukanyaga mafuta isizidi psi 1.5. Ipandishe mpaka mizunguko 2,500 uishikilie hapo. Ikizidi psi 3, kweli njia imeziba. Ikibaki chini, masega hayana kosa, achana nayo. Huna geji hiyo? Chomoa sensa, liache tundu wazi, hakikisha moshi wa moto haupigi waya wala mipira, endesha dakika mbili. Itapiga kelele sana, lakini kama nguvu zimerudi ghafla umeshapata jibu.

Wenye geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa wa injini, hapa napo kuna kosa linalorudiwa. Vitabu vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa inanguruma yenyewe. Hizo ni namba za usawa wa bahari! Kila mita 300 za kupanda zinapunguza kama inchi 1. Tabora iko karibu mita 1,200, kwa hiyo inchi 13 hadi 17 hapa ni afya kabisa. Kigoma mjini kando ya ziwa, kuanzia mita 770 hivi, ondoa kama inchi 2 na nusu. Fundi anayesoma 15 Tabora na kutangaza injini imechoka anamtoa mtu hela yake bure. Dalili ya kuziba ni nyingine: shikilia 2,500, mshale urudi juu kisha uanze kushuka polepole bila wewe kuachia mafuta.

Na kompyuta si lazima kwa kila gari. Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyokonyeza upate namba ya kosa. 21 ni sensa ya oksijeni, 25 hewa imezidi, 26 mafuta yamezidi. Kwenye gari mpya kidogo zenye sensa mbili, ukitoa masega utaona kosa P0420 (masega hayafanyi kazi), kwa sababu sensa ya nyuma ya masega ilitakiwa isome karibu volti 0.6 au 0.7 ikiwa imetulia, sasa inapandashuka kati ya 0.1 na 0.9 sawasawa na ya mbele. Kisha anakuja mjanja anazima taa kwa kuikata waya wake. Siku tatizo la kweli likitokea, mwenye gari hana taa ya kumwambia.

Ulaji wa mafuta unapanda wapi? Kwenye kuchomelea. Mrija wenye unene wa milimita 1.5 unapigwa rodi ya kuchomelea ya milimita 3.2, unatoboka, unazibwa kwa matone, pembeni panabaki nyufa. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ufa ulio karibu na sensa ya mbele unavuta hewa ya nje ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kontroli boksi mafuta ni machache, nayo inaongeza. Plagi zinakuwa nyeusi, gari inanuka petroli, na hakuna spea iliyokufa. Ufa wa tundu la sindano tu unatosha! Tafuta uvujaji injini ikiwa baridi: mtu azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, wewe pitisha maji ya sabuni kwenye kila kiungo.

Wengine wanaziba kwa siliko nyekundu ya gasketi. Ile inavumilia nyuzi 340 hivi, mbele ya masega joto linapita hapo mbali. Inaungua, na mvuke wake unaua sensa. Kiungo cha mviringo kina gasketi yake na boliti mbili zenye springi. Nunua gasketi, rudisha springi. Ukikaza boliti kavu bila springi kiungo hakichezi, na injini inapotikisika manifoldi inapasuka. Ndivyo ilivyo pia kwa raba za kuning'inizia. Waya wa kufungia nondo si raba. Bomba la mita 3 likipata joto la nyuzi 300 linarefuka karibu sentimita 1, linataka pa kucheza.

Halafu hii ya mabomba ya maji ya mabati. Zinki yake ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na baridi usiku ule, naye anadhani ni malaria. Tumieni mrija wa ekzosi, rodi ya 2.5 kama hakuna mashine ya gesi, na kabla ya kugusa chochote chomoeni hasi ya betri. Kibano cha eathi kikae karibu na sehemu inayochomelewa, siyo kwenye bampa la mbele, maana umeme unapita kwenye altaneta na kontroli boksi kutafuta njia.

Vijana wa mlio mzito, nawaelewa, ila hizo video za magari ya Marekani zinawapotosha. Camaro ya 1969 haikutoka kiwandani na masega wala sensa ya oksijeni. Ina kabureta; ukibadilisha mabomba unarekebisha jeti, basi. Masega yalianza kuenea kwenye magari ya Marekani ya mwaka wa modeli 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi kwa sababu risasi inayaua. GX110 yako (Mark II au Verossa) inaongozwa na kontroli boksi inayoisikiliza sensa. Na bomba la inchi 3 kwenye injini ya 1G ya lita 2 isiyo na tabo ni hasara: kasi ya moshi inashuka, nguvu ya chini inapotea, gari inakuwa nzito kwenye mchanga na vilima. Inchi 2 hadi 2 na robo inatosha. Inchi 3 mwachieni mwenye injini ya 1JZ ya tabo. Kopo tupu la masega nalo linafanya kazi ya ngoma, ule mvumo wa mizunguko 2,000 hadi 2,500 unaoumiza kichwa kutoka Urambo mpaka Uvinza unatokana na hilo. Kama ni lazima masega yatoke, pitisheni mrija wa kipimo kilekile moja kwa moja, na sensa ikae nusu ya juu ya bomba, isilale chini ambako maji ya mvuke yanaipasua.

Sisemi masega hayatolewi kamwe. X-Trail yenye injini ya QR, yale ya juu kwenye manifoldi yakianza kumeguka yatoeni haraka, kwa sababu unga wa kauri unaweza kuvutwa ndani ya silinda na kuzichuna. Lakini hapo kuna sababu inayoonekana kwa macho. Na yakipatikana mengine mazima, wekeni mengine.

Karatasi za bati za kukinga joto mnazitupa kwa nini? Juni mpaka Oktoba nyasi za Tabora ni kavu kama karatasi. Gari iliyoegeshwa juu ya nyasi bila kinga hiyo inawasha moto. Na bomba linaloishia chini ya kiti cha nyuma badala ya kupita bampa linaingiza kaboni monoksaidi ndani, gesi isiyo na harufu wala rangi, huku watoto wamelala siti ya nyuma, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Hili likinifanya nionekane mkali, sawa.

La mwisho ni la wizi, nilitaje kwa jina lake. Masega yana gramu chache za madini ya thamani na yana wanunuzi. Fundi anayekwambia "haya ni uchafu, niachie nitupe" anajua anakoyapeleka, na ndiyo maana hataki kupima. Ni mali ya mwenye gari, kama injini ilivyo mali yake. Simama pale wakati wa kukata, chukua kopo na kauri yake yote uondoke nayo, na kabla hawajaanza waambie wakuoneshe namba kwenye geji.

Mwenye kujua gereji yenye geji ya presha ya ekzosi, iwe Isevya, Ng'ambo, Cheyo, Mwanga, Gungu au Ujiji, aitaje hapa chini pamoja na bei ya kupima. Mafundi mliomo humu, mnaopima kabla ya kukata, jitokezeni tuwaletee magari.