Shubiri ya ute, ya chupa na ya vidonge: ipi salama kwa mama mwenye presha?

Kitindamimba: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 63 na choo kigumu kinamsumbua siku nyingi. Alianza kumenya jani la shubiri na kula ute wake, hakuona tofauti. Akahamia juisi ya chupa iliyoandikwa "jani zima". Sasa kaletewa vidonge vya utomvu mkavu. Choo anapata, lakini tumbo linamkata, anaharisha hadi miguu inakosa nguvu. Anameza pia dawa ya presha, ile ya kukojoza. Mmea si uleule? Naogopa jamani.

Mfamasia Mstaafu: Mmea ni mmoja, vilivyomo ni viwili. Kata jani uliangalie: chini ya ganda kuna utomvu wa njano, na huo ndio uchungu wa "chungu kama shubiri". Katikati ni ute usio na rangi, karibu wote maji. Utomvu una kemikali iitwayo aloini. Ikifika utumbo mpana, bakteria huivunja, kisha utumbo hujikamua na maji hubaki kwenye choo badala ya kufyonzwa. Vidonge hivyo ni utomvu huo uliokaushwa.

Kinachonitia hofu ni dawa ya kukojoza. Nyingi za aina hiyo hutoa madini ya potasiamu kwa mkojo, na kuharisha nako huitoa. Ikishuka, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Hiyo miguu isiyo na nguvu usiipuuze! Vidonge aviache leo, dawa ya presha asiiache, na apimwe potasiamu haraka. Moyo ukienda ovyo au akizimia, hospitali hapohapo.

Mama Maua: Pole mwanangu. Mimi ute naupaka ngozi ikiungua jua, haujanidhuru. Je, hiyo juisi?

Mfamasia Mstaafu: Jani zima likisagwa, utomvu unaingia humo. Wapo wanaouchuja kwa mkaa, wapo wasiochuja. Panya waliokunywa dondoo isiyochujwa kwa miaka 2 walipata uvimbe wa utumbo mpana, na IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, ikaiweka kundi 2B, yaani huenda inaleta saratani kwa binadamu. Marekani nayo iliiondoa shubiri kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama.

Muuguzi wa Zamu: Dada, hata dawa ya kukojoza yenyewe hukausha choo. Mwambie daktari tatizo lilianza lini, kabla ya dawa au baada.

Kitindamimba: Tumetoka kupima, potasiamu ilikuwa chini kweli. Choo kigumu kilianza baada ya dawa, sikuwahi kuunganisha! Daktari kambadilishia. Mama anauliza kama ute wa kupaka mikononi aendelee nao.

Mfamasia Mstaafu: Wa kupaka aendelee. Akishakata jani alisimamishe kwanza, ule wa njano uchuruzike wote, kisha alioshe ndipo amenye.