Unga wa lishe wa nafaka saba: umfae mtoto wa miezi sita, au tunadanganyana?

Mshika Kata
Wakuu, salamu. Kila duka la mtaani sasa lina pakiti ya "unga wa lishe". Ndani yake mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, na nyingine mpaka mbegu za maboga na dagaa. Mtoto akitimiza miezi sita tu, mama anaambiwa anunue huo. Wataalamu wa lishe wanapiga kelele miaka yote kwamba nafaka moja na aina moja ya kunde zinatosha. Nafaka zote kazi yao kubwa ni moja, kutia nguvu. Ukichanganya tano hujapata virutubisho vitano, umerundika wanga. Mtoto akitoka vipele huwezi kujua ni ngano, soya au karanga, maana vyote viliingia siku moja. Swali langu: pakiti hizi ziandikwe "si kwa mtoto chini ya mwaka mmoja"? Karibuni.

Mwenye Mashine
Mkuu, neno "tunadanganyana" ungeliacha. Mteja ndiye anayeleta nafaka saba, msagaji hamwandikii mtu orodha. Anafika na ndoo imeshachanganywa, soya mbichi ndani, karanga mbichi ndani, anasema "nisagie laini ya mtoto". Karanga ina mafuta, ikiingia nyingi inaganda kwenye chekeche na mashine inasimama. Ukimwambia akasage karanga pembeni anakuona una kiburi. Halafu lawama zije kwetu?

Mshika Kata
Hakuna aliyekutaja, kaka.

Nesi wa Zamu
Mnagombania idadi ya nafaka na mtoto analishwa maji. Chukueni hesabu. Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 7 ni 210, hapo amejaa. Uji wa kunywa, ule unaopita kwenye chuchu ya chupa, kikombe cha mililita 200 hakizidi sana kalori 50. Na mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Kwa uji huo anywe vikombe vinne? Saa ngapi atanyonya?

Pikeni hivi: maji mililita 250, unga vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa. Koroga unga kwanza kwenye maji ya baridi, uchemke dakika 15 huku unakoroga. Ukiinamisha kijiko, uji ubaki, udondoke kwa kusitasita. Ukishuka jikoni, tia kijiko cha chai cha mafuta. Anza na vijiko viwili vitatu kwa mlo, mara mbili kwa siku, panda taratibu mpaka nusu kikombe. Kwa chakula kipya, kimoja kimoja, subiri siku tatu hivi. Na hao wenzangu na mie wanaosaga kila kitu kwenye blenda mpaka mtoto anafikisha mwaka hajui kutafuna, hiyo ni mada nyingine.

Mama Blenda
Hiyo "mada nyingine" ndiyo uliyokuwa unaitafuta, dada. Umeandika vizuri mwanzo wote, mwisho ukashindwa kujizuia. Blenda imekukosea nini? Ini halipondeki kwa mwiko. Mchicha una nyuzi. Mtoto wa miezi sita anahitaji chuma kama miligramu 11 kwa siku, akiba aliyozaliwa nayo inakwisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Uji wa nafaka hata ukiwa na kumi hautaifikisha, na maganda ya nafaka yanakizuia chuma kisifyonzwe. Sasa bila kusaga ini na nyama utampaje? Utamtafunia wewe?

Mjukuu wa Bi Mkubwa
Zamani walitafuniwa na wakakua 😀

Nesi wa Zamu
Walitafuniwa na wakaambukizwa pia, usilete hayo. Mama Blenda, sijasema usisage. Nimesema mpaka mwaka. Miezi 6 saga, sawa. Miezi 7 na 8 ponda kwa uma, viachwe vidonge vidonge. Miezi 9 na 10 apewe vya kushika: kiazi kilichoiva mpaka kinabonyea kwa vidole viwili, parachichi, ndizi, kipande cha samaki kilichopekuliwa miba. Ulimi unajifunza kusukuma chakula pembeni kipindi hicho. Ukipitisha miezi 10 hajaonja kitu chenye vidonge, baadaye kila punje ya wali inamfanya atapike na mnasema ana koo dogo.

Kiti cha Mbele
Nimeshatoa bisi. Endeleeni.

Mama Blenda
Bisi, karanga nzima na pipi usimpe mtoto chini ya miaka mitano, tukiwa humu humu. Na "atapike" unayosema, wengi wanaogopa kupaliwa, ndiyo maana wanasaga. Usiwacheke.

Nesi wa Zamu
Haya basi tofautisheni. Mtoto akikakamua uso, akawa mwekundu, akakohoa na kutoa sauti, huyo anajisafisha mwenyewe. Usitie kidole mdomoni, utakisukuma chini. Aliyepaliwa kweli yuko kimya. Mdomo wazi, halii, rangi inabadilika kwenye midomo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini ya kifua, shika taya. Piga kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Hakijatoka, mgeuze, vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya mstari wa chuchu, sukuma mara 5. Rudia huku mtu mwingine anatafuta usafiri. Na wakati wa kula akae wima, si kulazwa mapajani akikabwa pua.

Mjukuu wa Bi Mkubwa
Hapo kwenye kukabwa pua umegusa nyumba nyingi.

Mwenye Mashine
Turudi kwenye unga maana mimi ndiye niliyetukanwa. Soya ndiyo tatizo, si idadi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, mtoto anaharisha na tumbo linajaa gesi. Maji yachemke kwanza, ndipo utumbukize soya, dakika 20 hadi 30. Mwaga, sugua kwa viganja maganda yaelee, anika ikauke kabisa, kaanga kidogo, ndipo uilete. Kipimo: kilo 3 za nafaka kwa 1 ya soya. Karanga kaanga, saga peke yako kwenye kinu, weka kwenye chupa, utie kijiko wakati wa kupika. Ukiisaga na unga wote, mafuta yanachacha mapema, na wenye pakiti hawawezi kukuambia umekaa dukani muda gani.

Bwana Afya Mstaafu
Vijana, mmezunguka kote mmeacha kubwa. SUMUKUVU, sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka. Dodoma watu walikufa kwa mahindi, mwaka 2015 nadhani.

Mshika Kata
2016, mzee wangu. Dodoma na Manyara. Na Kenya 2004, upande wa Makueni na Kitui, walikufa 125.

Bwana Afya Mstaafu
Shukrani. Basi hapo ndipo wingi wa viungo unapokuwa hatari. Mahindi na karanga ndizo zinazoongoza kwa ukungu huo, na unga wa mtoto umezijaza zote mbili. Kuchemsha hakuiondoi sumu yake, kukaanga hakuimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na hicho ni cha mtu mzima anayekula na mboga. Mtoto anakula huo huo asubuhi, mchana, jioni.

Chambua kwa mkono kabla ya kupeleka mashineni: punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au weusi, tupa, usimpe hata kuku. Kupima kama mahindi yamekauka: chukua chupa ya kioo kavu, jaza robo mahindi, tia chumvi kavu kijiko kikubwa, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Ukinunua unga uliokwisha kusagwa, hayo yote huyaoni.

Mama Blenda
Mzee, hapo nimekuelewa kuliko wote humu. Ulezi peke yake je?

Bwana Afya Mstaafu
Ulezi una nafuu, na una kalsiamu nyingi. Kimea chake ndiyo dawa ya uji mzito: loweka saa 12, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili uchipue, anika, sugua vimizizi vitoke, saga. Uji mzito ukipoa ukawa vuguvugu, tia kijiko cha chai cha kimea, utalegea mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Kisha urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kinakuja na vijidudu. Usifanye hivyo kwa mtama, chipukizi lake lina sumu.

Nesi wa Zamu
Naongeza: asali hapana mpaka mwaka utimie, hata ya kupaka ulimi. Chai hapana, inazuia chuma. Ini kijiko kimoja cha chakula, mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku, lina vitamini A nyingi mno.

Mama Blenda
Ini la kusagwa, au linatafunwa? 😏

Nesi wa Zamu
Saga, shoga yangu, nimesalimu amri. Ila ule mpira ulio chini ya kisu cha blenda ung'oe kila ukiosha. Chakula kinajificha hapo kinachacha, mtoto anaharisha, na kesi inamwangukia mwenye unga.

Mwenye Mashine
Asante! Hatimaye!

Mshika Kata
Jamani niliuliza pakiti iandikwe nini.

Mwenye Mashine
Iandikwe tarehe ya kusaga, na kama soya ilichemshwa. Nafaka wahesabu wenyewe.

Kiti cha Mbele
Na huo mpira wa blenda unauzwa peke yake, au mpaka ununue jagi zima?