Unajuaje kama hapa ni pa kukaza au ni pa kuacha?

Mwandamo:
Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo, msinipambe. Nasomea uhasibu wa bodi huku niko kazini, karatasi zingine zote nishazipita, imebaki moja tu ya taarifa za fedha ngazi ya juu na ndo hiyo inanigomea. Kila msimu nalipia, naomba likizo, nakesha, matokeo yakitoka niko kwenye arobaini na kitu wakati kupita ni 50. Nyumbani wananiambia mvumilivu hula mbivu, rafiki yangu mmoja ananiambia ningekuwa nishafanya mambo mengine ya maana. Na mimi kila nikitaka kuachana nayo nakumbuka hela na muda vilivyoishia humo nasema hapana, maji nishayavulia nguo. Sasa mtu anajuaje kama anakaza au ana kichwa kigumu tu?

Bundi wa Usiku:
Mkuu hizo hela na huo muda vitoe kwenye hesabu, upite havirudi, uache havirudi. Na we mhasibu bana, hili ungetufundisha wewe. Uingereza na Ufaransa walisaini mkataba wa kuunda Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, 1962, gharama zikawa zinapaa tu na dalili za kutolipa zinaonekana kabisa lakini kila wakifikiria walichokwisha tumia wanaongeza, ikaanza kubeba abiria 1976, mashirika yaliyozinunua yalikuwa ya nchi hizo hizo mbili, na 2003 zikaegeshwa. Jiulize hivi, kama ungekuwa hujawahi kulipia hata senti, leo ungejiandikisha kwa hii karatasi moja? Kama ndio endelea, kama jibu linakukwama kooni basi unalo jibu.

Mama Wawili:
Bundi sikukatalii ila hesabu peke yake haitoshi. John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka kwenye marathoni goti likaumia vibaya, wakamfunga bandeji akaendelea kuchechemea mpaka akamaliza wa mwisho, mshindi keshamaliza zaidi ya saa nzima na giza limeingia. Kwa hesabu yako yule angepanda gari akalale. Haya njoo Paris 2024, Eliud Kipchoge mgongo umemkataa, kapita kilomita 30 akatoka njiani, na sijasikia mwenye akili timamu akimwita mwoga. Mi naona kila mmoja alikuwa na lake. Akhwari medali ilishapotea, alichobakiza ni kufika mwisho, na kufika bado kulikuwa kunawezekana. Kipchoge alikwenda kusaka dhahabu ya tatu mfululizo na ile ilishaondoka, angejiumiza ili apate nini? Kwahiyo mdogo wangu hebu sema ukweli, hicho cheti unakitaka cha nini? Kuna kazi inakidai au unaogopa tu watu watasema umeshindwa? Maana kama ni watu, hao hata ukipita watatafuta lingine.

Chaki Nyeupe:
Mi nafundisha hizi karatasi. Kabla ya kuongea kuacha, acha kuangalia jumla ya maksi angalia swali kwa swali. Wengi wanaonasa kwenye arobaini wanajua vitu vizuri tu, tatizo wanamwaga walichokariri. Swali limekupa kampuni imeuza mashine pamoja na matengenezo ya miaka 2 kwa bei moja, wewe unaandika hatua tano za IFRS 15, kile kiwango cha kimataifa cha kutambua mapato, kama kasuku ukurasa mzima, wakati maksi zipo kwenye kuigawa ile bei, kiasi gani ni cha mashine unakitambua sasa hivi na kiasi gani cha huduma kinasubiri. Tafuta ripoti za watahini uzisome, wanalalamikia jambo hilo hilo kila msimu. Ukigundua unakosea pale pale kila mara, kukesha zaidi hakutasaidia, badilisha namna ya kusoma, tafuta mtu akusahihishie majibu. Kama ulishabadilisha yote hayo na maksi hazisogei kabisa, hapo nitakuelewa ukiacha.

Bundi wa Usiku:
Chaki umemaliza. Niongezee tu, mpaka wako uandike sasa hivi kabla matokeo hayajatoka. Timu nyingi za Everest huwa zinapanga saa kabisa, mara nyingi saa nane mchana, ikifika hujafika kileleni unageuza hata kama unakiona, na wanapanga wakiwa chini kwasababu kule juu hewa ni nyembamba kichwa hakifikiri vizuri. Mei 1996 wapo waliopitiliza, dhoruba ikawakuta wanashuka, watu 8 walikufa.

Mwandamo:
Mama Wawili umenishika pabaya 😅 Kazi niliyonayo haikidai, ila nafasi ninayoitaka bila hicho cheti hawasomi hata barua yako, kwahiyo sio aibu tu. Chaki kuhusu kumwaga nilichokariri, aisee, nimefungua majaribio yangu ya nyumbani sasa hivi, ni mimi kabisa. Narudia na mtu wa kunisahihishia, na nikiona maksi zimeganda pale pale nafunga daftari.

Jirani Mwema:
Kabla hujapanga chochote angalia karatasi ulizopita zinakwisha muda lini. ACCA, ile bodi ya wahasibu ya Uingereza, kwa mfano ile ngazi ya juu wanakupa miaka 7 tangu upite ya kwanza, usipomaliza zinaanza kufutika moja moja. Bodi yako kama ni nyingine wana utaratibu wao, waandikie wakujibu kwa maandishi.