Mtwara kuchele, ila kumekucha kwa nani? Tutangaze utalii wa Kusini sasa hivi au bado?

Kuchele_Mikindani

Wadau habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili bila matusi maana najua humu kuna watu wa Mtwara, wa Lindi, na wale waliozaliwa huku ila siku hizi tunawaona msibani tu.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha wafanyabiashara, mada ni kuitangaza Kusini kimataifa. Tukaoneshwa klipu ya droni, ufukwe wa Msimbati unang'aa, kinyago, korosho, mzungu anacheka. Nzuri kwelikweli sikatai. Yakaanza mawazo, mabango kiwanja cha ndege, tualike mastaa wa Instagram, twende na banda kwenye maonesho huko Ulaya. Nikanyoosha mkono nikauliza, huyu mgeni akishaiona klipu akapanda ndege akalala Mtwara, kesho yake saa nne asubuhi anaenda Msimbati na nini? Watu wakacheka. Kikao kikaendelea.

Sasa mi juzi Jumapili nilipeleka wageni wangu watano huko, ndugu zangu wametoka Dodoma. Ni kama kilomita 45 toka mjini. Ufukwe wenyewe hauna mpinzani, mchanga umeshikana mpaka gari linatembea juu yake kama lami, na upo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma ambayo ipo toka mwaka 2000. Haya, shangazi akabanwa haja. Tukagonga nyumba ya mama mmoja pale kijijini, akampa ndoo ya maji na kandambili, akagoma kabisa kupokea hela. Chakula tukanunua changu wawili kwa wavuvi, kijana akasema anatukaangia, tukangoja saa mbili na nusu kumbe mafuta yamefuatwa na bodaboda. Tulicheka sana siku ile kwa sababu ni ndugu. Aliyetoka Ujerumani na tiketi yake ya mamilioni atacheka?

Msimamo wangu ni huu, hela ya kutangaza nje tuiweke kwanza. Tushughulike na mtalii ambaye tayari yupo na hakuna anayemhesabu, Mtanzania, tena mtoto wa hukuhuku. Desemba korosho imeshapita mnadani, watoto wanatolewa jandoni, harusi zimepangana, watu wanashuka toka Dar na magari yao wanakaa wiki mbili. Hizo wiki mbili anazimalizia kwenye kiti cha plastiki mbele ya grosari. Hajui kuwa Mikindani kuna Boma la Wajerumani la 1895, hajui Livingstone alikaa hapo 1866 kabla ya safari yake ya mwisho, na hata akijua akifika nani anamuuzia hata juisi?

Tukijifunza kumhudumia huyu, wa Ulaya atakuja kukuta choo kipo. Nishambulieni.

Mzee wa Kitunda

Mwanangu umeongea ila umechanganya. Huyo mtoto wa kurudi Desemba anafikia kwa mama yake, anakula ugali wa mama yake, na kitanda ni cha mama yake. Gesti haioni shilingi. Mgeni wa nje analala, anakula, anakodi gari. Nchi imepokea watalii zaidi ya milioni 2 mwaka 2024 kwa sababu ilijitangaza, Rais mwenyewe akaingia kwenye filamu ya Royal Tour. Hukuiona ile? Sisi Lindi tumeona nini humo?

Na tuna kitu ambacho hakuna mkoa unacho. Tendaguru. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani wamechimba mifupa ya dinosaria pale, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani na babu zetu siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Leo yule mkubwa amesimama makumbusho ya Berlin, kimo mita 13 na ushee, watu malaki wanakata tiketi kila mwaka kumuangalia. Na aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji ni Mswahili, Boheti bin Amrani, mpaka wataalamu 2007 wakampa dinosaria mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Muulize mwanafunzi yeyote Lindi mjini Boheti ni nani, atakwambia mchezaji wa wapi huyo.

Halafu wewe unasema tusitangaze!

binti_makonde

Mzee shikamoo. Hapo kwa Boheti umenipata, na mi nimesoma Lindi sekondari miaka minne sikuwahi kusikia.

Lakini mzee, tukitangaza Tendaguru mtu akaja tunamuonesha nini? Nilienda na rafiki zangu kiangazi, maana masika usijaribu. Umefika, unaoneshwa pori na vilima, unaambiwa ndo hapa. Ndo hapa nini? Mifupa ipo Berlin. Wapo wanaosema irudishwe, wapo wanaosema hatuna pa kuiweka, mi nasema hata nakala ya plasta ya mguu mmoja tu ikisimama Lindi mjini mtoto akasimama chini yake akaona anafika gotini, hicho tayari ni kiingilio. Na atakayelipa wa kwanza ni basi la shule toka Nachingwea, siyo Mjerumani, Mjerumani mzima wake anao kwao.

Kwa hiyo niko na Kuchele, ingawa ile sehemu ya jando nitairudia.

Tajiri_mtoto

Kusini kusini kusini. Hivi mnajua serikali ikisema utalii wa Kusini inamaanisha Iringa? Ule mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia wa 2017, dola milioni 150, kaangalieni hifadhi zake: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Mtwara hamna. Na umeshafutwa 2024. Sisi ni kusini ya kusini, kusini ya kwenye hotuba.

Mzee wa Kitunda

Nyerere inaingia Liwale, na Liwale ni Lindi.

Tajiri_mtoto

Inaingia mzee, ila watalii wanaingilia Mtemere huko Rufiji wanatokea hukohuko. Tembo wa Liwale sisi tunawajua kwa kula mahindi.

Nahodha Masoko

Mi nipo Kilwa Masoko napiga boti kwenda Kisiwani, miaka kumi na moja sasa. Niwaambie kitu mnachokiongelea kwa picha mi nakiona kwa macho.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia toka 1981, 2004 tukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, 2014 tukatolewa baada ya ukarabati. Sasa meli kubwa za watalii zikaanza kuja. Siku ya meli Masoko yote inaamka alfajiri, kina mama wamesuka ukili, wamekaanga mihogo, vijana wamevaa kanzu, ngoma ipo. Meli inatia nanga mbali. Wageni wanashushwa na viboti vyao vya mpira, maji ya kunywa wamebeba, kofia wamebeba, muongozaji wao na kipaza sauti wanaye. Wanatembea Msikiti Mkuu, ngome ya Gereza, jumba la Husuni Kubwa, wanapiga picha lile bwawa la pembe nane la sultani, saa nane wanarudi kula kwao melini. Mi boti yangu siku nzima imefungwa kamba. Siku moja nimeuza kofia moja ya ukili, na mama aliyeisuka akaniambia ungeiacha tu. Siwalaumu wageni, walishalipa kila kitu kwao kabla hawajatoka. Kibali najua kinaingia serikalini na ni haki.

Sasa linganisheni na Idi. Idi Mosi vijana wa Masoko, wa Kivinje, wa Nangurukuru wanajaza boti, wanavuka, wanakula, wanavunja hata ndala. Sikukuu hiyo nalipa ada ya mtoto. Hakuna bango lililowaleta.

Tatizo langu na Kuchele ni moja, hawa wa Idi magofu yenyewe hawayaangalii. Wanapanda juu ya ukuta kupiga selfi. Ukuta uliojengwa kabla ya Mreno kuuteka mji 1505! Mtu anasimama juu na viatu vya matairi. Ibn Battuta alipita hapa 1331 akausifia mji, angewaona hawa sijui angeandika nini.

Kuchele_Mikindani

Nahodha umenipa pointi halafu umeninyang'anya palepale 😅

Ila jibu si lipo kwako, kijana mmoja wa Kisiwani anayejua kusimulia, alipwe na kila boti inayovuka siku ya Idi. Hela ya bango moja la kiwanja cha ndege inamlipa huyo kijana mwaka mzima. Hapo ndo nabishania mi, siyo kwamba nachukia wazungu.

Mzee Kitunda, kuhusu kulala kwa mama. Kweli, analala kwa mama. Lakini siku hizi analeta mke wa Kichaga na watoto watatu wanaodai intaneti, siku ya tatu mwenyewe anatafuta gesti yenye feni. Nawaona. Mi nauza chakula hapa barabarani Mikindani, wateja wangu Desemba ndo hao, wanaulizia pweza, wanaulizia ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa sababu baba aliwasimulia. Nikiwaambia vukeni hapo mkaone boma wanashangaa, "kumbe lipo?"

Na ya gesi sijasahau mzee wangu. 2012 gesi ilipovuma hapa kila mtu ni Mtwara kuchele, yaani kumekucha, watu wakakopa wakajenga gesti za vioo, 2013 mji ukawaka moto kwa fujo za kupinga bomba la gesi, 2015 bomba likakamilika gesi ikaenda Dar. Zile gesti kaangalie, nyingine zimekuwa hosteli za wanafunzi, nyingine zinafuga popo. Tulitangaziwa mgeni, mgeni hakuja kwa idadi tuliyoambiwa. Sitaki kukopa tena kwa ajili ya mgeni wa kwenye klipu.

binti_makonde

Nimerudi kwenye jando na unyago. Nasikia kila kikao cha utalii lazima mtu aseme "utamaduni wetu ni fursa" na anachomaanisha ni ngoma za mwali. Mimi nimechezwa unyago Newala. Yale ya ndani ni ya ndani, somo wangu aliniapisha. Mkitaka sindimba chezeni, mkitaka mapiko haya vaeni kinyago mcheze uwanjani, hiyo ni ngoma ya watu wote. Lakini siku nikiona kipeperushi kimeandikwa mgeni atashuhudia mwali akifundwa, nitakuja kukichana mwenyewe.

Na vinyago msivitaje kama mali ya hapa tena. Mpingo unakatwa Kilwa, unapanda lori, unachongwa Mwenge Dar na Mmakonde mwenzangu aliyehamia huko kwa sababu huku hakuna mnunuzi, halafu mtu wa Mtwara akitaka zawadi ya kinyago anaagiza Dar. Hilo tangazo gani litalitibu?

Mzee wa Kitunda

Hapo kwenye unyago nakuunga mkono mjukuu wangu.

Lakini wote mnakwepa barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepiga, barabara ikakatika pande za Somanga, mabasi yakalala njiani, watu wamekula biskuti. Huyo mtalii wenu wa ndani naye si anapita palepale? Kabla ya Daraja la Mkapa 2003 tulikuwa tunangoja kivuko Rufiji, mvua ikinyesha hufiki. Tumetoka mbali ila bado njia yetu ni moja, ikikatika tumekatika wote. Ndege ipo lakini ya kina nani?

Nikisema tangaza namaanisha piga kelele. Anayepiga kelele ndiye anajengewa. Arusha wangejengewa vile kama wangekaa kimya wakisubiri vyoo?

Tajiri_mtoto

Mzee hapo kweli. Kelele zinaleta barabara. Umeshinda kwangu.

Ila kuna jambo watu mnaliogopa kulisema, Cabo Delgado, hapo Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma. Toka 2017 huko kuna vita na 2020 waasi wakavuka wakapiga kijiji cha Kitaya, upande wetu huu. Mgeni wa nje akiandika Mtwara kwenye simu anaona ramani yenye rangi nyekundu ya onyo toka ubalozi wake. Bango halifuti rangi nyekundu. Mtanzania anayempigia shangazi yake simu anaambiwa njoo mwanangu huku tunalala milango wazi, na anakuja.

Kuchele_Mikindani

Mzee Kitunda nimekubali kelele za barabara, hizo tupige wote, mi nalipia hata spika. Nilichokataa ni banda la Ulaya na hapo sijasogea.

Sasa niache maneno. Desemba tarehe za baada ya Krismasi nataka kukusanya watu thelathini hivi, waliokuja likizo, na watoto wao. Costa moja toka Mtwara, Lindi tunalala, Kilwa siku ya pili, kila mtu anajilipia. Nahodha, boti yako inabeba wangapi kwa usalama, na majaketi ya kuokolea yapo ya watoto? Na tupate huyo kijana wa kusimulia.

Nahodha Masoko

Yangu inabeba kumi na tano, ya pili nitamwambia shemeji. Majaketi ya watu wazima yapo, ya watoto ninayo manne, mengine nitaazima. Msimulizi yupo, babu yake alikuwa mlinzi wa magofu, huyo anakwambia kila jiwe.

Nipigie siku mbili kabla ili nikate kibali mapema na nijue bamvua imekaaje, maji yakitoka sana mtashukia kwenye matope mpaka magotini na watoto. Mje na maji ya kunywa. Na waambie kabisa kwenye ukuta hapandi mtu.