Sigma Octantis siipati: mhimili wa stendi niuelekezeje ncha ya kusini?

Swali
Wakuu, nina stendi ya ikweta (ile inayoizungusha kamera kufuata nyota) yenye darubini ndogo ya kutafutia ncha ya kusini ya anga, ambayo Sigma Octantis ndiyo nyota ya kuionyesha. Nimeielekeza kusini kwa dira na mhimili nimeuinua sawa na latitudo, lakini ndani naona vinyota vingi vinavyofanana. Picha ya sekunde 60 inatoka na nyota zilizovutika. Sigma naitambuaje?

Jibu la 1
Usisake nyota moja, saka umbo. Kundinyota lenyewe, Oktanti (Octans), ni hafifu: Nu, inayong'aa kuliko zote, ni magnitudi 3.8 tu, na Sigma ni 5.5 (namba ikipanda, mwanga unapungua). Sigma, Chi, Tau na Upsilon hufanya umbo la pembe nne zisizo sawa, zote kati ya 5.2 na 5.8.

Anza na macho matupu. Kwenye Msalaba wa Kusini, vuta mstari kutoka Gacrux (nyota ya juu ya msalaba) hadi Acrux (ya chini), uendelee mbele mara nne na nusu ya urefu huo: hapo ndipo ilipo ncha. Hakiki kwa katikati ya nyota mbili angavu, Achernar na Hadar. Mahali ni palepale, au karibu sana. Kisha shika darubini ya macho mawili ya 7x50: umbo zima linaenea ndani yake. Likishakukaa kichwani ndipo uchungulie kwenye ile ya ncha, ukikumbuka kwamba nyingi hugeuza picha juu chini.

(Mwanaastronomia Mfaransa Lacaille alilibuni kundi hili baada ya kupima anga la kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema, 1751 hadi 1752. Oktanti ni chombo cha mabaharia ambacho upinde wake ni thumni ya duara, digrii 45.)

Jibu la 2
Naongezea jambo linalowaponza wengi: Sigma si ncha. Imeachana nayo kwa zaidi kidogo ya digrii 1, upana wa mwezi mpevu mara mbili, na inazidi kusogea mbali. Ukiiweka katikati ya kioo umekosea tayari. Kila nyota ya umbo iketi kwenye alama yake iliyochorwa ndani ya darubini ya ncha.

Dira nayo huonyesha kusini ya sumaku. Rekebisha kwa tofauti kati ya kusini hiyo na kusini halisi katika eneo lako, na usiipime juu ya stendi. Chuma huvuta sindano.

Jibu la 3
Kama uko latitudo ya chini ya digrii 15 hivi, achana na Sigma. Ncha iko chini mno, na ukungu wa upeo hufuta nyota za magnitudi 5.5. Tumia mbinu ya mteleko: chagua nyota karibu na ikweta ya anga (mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia), ikiwa inavuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini), uiangalie dakika 5 kwa lenzi yenye alama ya msalaba. Ikiteleza kusini, mhimili umekwenda magharibi mno. Ikiteleza kaskazini, umekwenda mashariki mno. Baada ya hapo rekebisha mwinuko kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki.

Kabla ya yote, angalia swichi ya mota iwe kwenye S (kusini). Ikibaki N (kaskazini), mota huzunguka kinyume na hakuna mpangilio utakaookoa picha.